Mpiga picha wa makala Nyanda za Juu Kusini: kuanza, kudumu na kulipwa

Vijana wengi wa Mbeya na Iringa wanaotaka kupiga picha za mazingira na maisha ya watu husema wanasubiri vitu viwili: kamera kubwa na nauli ya kwenda mbali. Huku wanasubiri, Mto Ruaha Mkuu unakatika maji kila kiangazi, umbali wa saa chache kutoka stendi ya Nane Nane ya Mbeya, na anayekuja kuupiga picha ni mgeni wa siku tatu aliyeshushwa na gari la mradi.

Picha za makala ni mfululizo wa picha unaosimulia jambo moja kwa kina: nani anaishi hapo, nini kimebadilika, nani anafaidika, nani anaumia. Mpiga picha wa habari hukimbilia tukio. Wa makala huwahi kabla ya tukio na hubaki wenzake wakishaondoka. Mbrazili Sebastião Salgado, aliyefariki 2025, alikuwa mchumi wa kahawa kabla ya kushika kamera, na mradi wake mmoja uliweza kumchukua miaka sita hadi minane. Wewe huna bajeti yake, lakini una jambo ambalo yeye alilitafuta kwa gharama kubwa: unaishi pale pale. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya faida hiyo. Atakayeaminiwa na wanakijiji, na baadaye na wahariri, ni yule anayerudi.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja unalolifikia kwa nauli yako

Kipimo ni rahisi. Kama huwezi kwenda na kurudi kwa pesa uliyonayo wiki hii, jambo hilo bado si lako. Liandike kwenye daftari, usonge mbele.

Mambo yenyewe hayajakosekana. Kubwa kuliko yote ni maji ya Usangu. Vijito vinashuka kutoka safu za Uporoto na Kipengere, vinamwagilia mpunga wa Mbarali, vinaingia ardhioevu ya Ihefu, kisha mto unatoka Ng'iriama kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na bwawa la Mtera. Tangu 1993 mto umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Wafugaji waliondolewa bondeni 2006 na 2007, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Ugomvi wa mipaka haukuishia hapo: mwaka 2024 Benki ya Dunia ilisimamisha kutoa fedha za REGROW, mradi wa kukuza utalii wa hifadhi za kusini, kisha mradi ukafutwa, baada ya malalamiko ya wanavijiji na wafugaji. Mkulima anamlaumu mfugaji, mfugaji anamlaumu mkulima wa mfereji, wote wanailaumu hifadhi, na umeme wa Mtera na Kidatu unategemea maji hayo hayo. Ukipiga upande mmoja tu, umepiga tangazo.

Kuna Chunya na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki kisha kuichoma motoni. Kuna Sao Hill na Mufindi: misonobari, mashine za dingdong zinazopasua mbao porini, wagema utomvu, mashamba ya chai. Kuna Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako viazi vya maua ya okidi huchimbwa na kuvushwa Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Kuna msitu wa Rungwe wa kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtangaza kwa mara ya kwanza 2005 ilhali wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua siku zote. Kuna reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 na maisha yaliyojipanga kando yake. Kuna kina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu Ikombe na kuviuza gulio la Lyulilo, Matema.

Lakini kama ingekuwa kazi yangu kumchagulia anayeanza, nisingempa Usangu. Ningempa vinyungu.

Kinyungu ni bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini: mahindi mabichi, maharage, mboga za majani. Iringa na Njombe nzima inavijua. Ndivyo vinavyolipa ada, na ndivyo vinavyoleta chakula nyumbani wakati ghala limekwisha na mavuno mapya bado. Upande wa pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Kwa hiyo mama yule yule anayesomesha watoto kwa kinyungu anaweza kuambiwa ang'oe mahindi yake, huku juu ya bonde jirani mwenye uwezo amepanda mikaratusi inayokunywa maji mchana na usiku. Hapo pana mazingira, sheria, jinsia, pesa na ardhi, ndani ya eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja. Huhitaji kibali cha hifadhi wala gari. Na ni vigumu kusema nani mbaya, jambo ambalo ndilo linalofanya picha ziwe na uzito.

Hatua ya 2: Jifunze jambo kabla ya kutoa kamera

Kaa nalo kwanza bila kupiga. Soma sheria inayolihusu, tafuta tafiti za Chuo Kikuu cha Sokoine kuhusu mabonde na maji, zungumza na bwana shamba na ofisa wa bonde la mto. Ingia kwenye kumbi za mikutano ya kijiji ukasikilize. Utagundua haraka kwamba maelezo ya mjini na ya kijijini hayafanani, na tofauti hiyo ndiyo makala yako.

Kisha chora kalenda. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Mei, na kila jambo lina mwezi wake. Maua ya Kitulo ni Desemba hadi Aprili. Mpunga wa Mbarali huvunwa kuanzia Mei. Juni na Julai ni baridi na jalidi Makete na Njombe, wakati watu wanaandaa vinyungu. Agosti hadi Oktoba ni mioto. Ruaha huwa chini kabisa kati ya Septemba na Novemba. Mpiga picha asiyejua kalenda hii atafika Kitulo Agosti akute nyasi kavu, arudi akilalamikia bahati.

Hatua ya 3: Barua na vibali

Hapa watu huchoka, ila ndiko kazi inakofia wasipopitia.

Kijijini, njia ni ya kushuka ngazi: barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Barua iseme wewe ni nani, unapiga nini, kwa muda gani, picha zitaonekana wapi. Ukifika, saini kitabu cha wageni hata kama hakuna aliyekuomba. Jina kwenye kitabu kile limewaokoa wengi siku mgambo anapouliza "huyu katoka wapi?"

Ukitaka kujitambulisha kama mwandishi wa habari, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka ithibati na kitambulisho chake. Ndani ya hifadhi za taifa, kupiga kwa ajili ya biashara au makala kunahitaji kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi hizo, mbali na kiingilio cha kawaida. Mapori ya akiba ni TAWA (mamlaka ya wanyamapori), misitu ya serikali kama Sao Hill ni TFS (wakala wa misitu). Video ya makala inaweza kukupeleka Bodi ya Filamu. Droni ni habari nyingine kabisa: isajili na uombe ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla haijapaa, na usiirushe hifadhini bila ruhusa ya maandishi. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuiacha. Kupanda kilima kunatoa picha karibu sawa na hakumtishi ng'ombe wala askari.

Uwe mwangalifu na maeneo yanayolindwa kisheria: kambi za jeshi, mitambo ya umeme, madaraja makubwa, baadhi ya sehemu za reli. Kwenye kituo cha TAZARA mwone kwanza mkuu wa kituo. Ni mazungumzo ya dakika chache.

Hatua ya 4: Vifaa, kwa kifupi

Kamera moja ya mtumba iliyokaguliwa na kusafishwa na fundi, lenzi moja ya milimita 35 au 50, betri tatu, kadi mbili. Simu nzuri inatosha kwa miezi ya mwanzo. Lenzi ndefu ya wanyama itakufundisha kusimama mbali na watu, na hilo ni fundisho baya kwa kazi hii.

Pesa inayobaki itumie kwenye ulinzi. Vumbi la Usangu ni laini kama unga wa muhogo na linaingia kila tundu, kwa hiyo usibadilishe lenzi shambani. Badilishia ndani ya mfuko au ndani ya nyumba. Rungwe na Kitulo tatizo ni unyevu: ukitoka kwenye baridi ukaingia jikoni penye moto, lenzi inapata ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa ipate joto polepole. Weka vipakiti vya kunyonya unyevu begini, vile vinavyokuja na viatu vipya. Baridi humaliza betri upesi, hivyo ya akiba iwe mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.

Hatua ya 5: Kuingia, kusalimu, kuomba

Anza na salamu za wenyeji. "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, "ugonile" Rungwe na Kyela, "mwangaluka" kwa wafugaji wa Kisukuma utakaowakuta Mbarali asubuhi, na shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri. Halafu kaa. Pokea ulichokaribishwa. Kamera ibaki begini siku ya kwanza, au itolewe mwishoni tu ili watu waione na kuishika.

Ridhaa si sentensi moja ya "naomba nikupige picha". Mtu anapaswa kujua mambo matatu: picha itaonekana wapi, anaweza kukataa bila yeyote kununa, na anaweza kubadili mawazo baadaye. Liseme kwa maneno ya kawaida: "Mama, picha hii inaweza kufika gazetini au kwenye intaneti, na watu wa Dar es Salaam na hata ng'ambo wakaiona. Je, uko radhi? Na jina lako niliandike au nisiliandike?" Rekodi jibu kwa simu kama hapendi kusaini karatasi, watu wengi waliopoteza ardhi wana sababu nzuri ya kuogopa karatasi za kusaini. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, jambo hili si adabu tu.

Historia ya fani hii ina kesi mbili za kuzikumbuka. Mwaka 1936 Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja mhamiaji na watoto wake California. Picha ikawa maarufu kuliko zote za mdororo wa uchumi wa Marekani, lakini jina la mama yule, Florence Owens Thompson, halikujulikana kwa umma hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, na yeye alieleza wazi kwamba hakufaidika nayo hata senti. Kesi ya pili ni ya Minamata, Japani, ambako W. Eugene Smith na mkewe Aileen waliishi kuanzia 1971 hadi 1974 wakipiga picha watu waliolemazwa na zebaki ya kiwanda. Picha yao inayojulikana zaidi ni ya mama akimwogesha binti yake. Miaka mingi baadaye, binti akiwa ameshafariki, wazazi walitaka apumzike, na 1998 Aileen akakubali picha ile isichapishwe tena. Ulimwengu mzima ulikuwa unaijua, lakini ridhaa ya familia ilikuwa na nguvu kuliko umaarufu wake. Kwa yeyote atakayekwenda Chunya, Minamata ni somo la lazima, kwa zebaki yenyewe na kwa namna ya kuishi na watu unaowapiga.

Na ukiwa Chunya, usiinamie karai wakati dhahabu inachomwa. Simama upande upepo unakotoka, mbali, na nawa kabla ya kula. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, usishuke kwa sababu tu umekaribishwa.

Watoto wanahitaji ruhusa ya mzazi, na shuleni ruhusa ya mwalimu mkuu na halmashauri. Njombe na Makete jambo la virusi vya UKIMWI litajitokeza tu. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 uliiweka Njombe juu ya mikoa yote kwa asilimia 11.4. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu. Mtu akikuambia mwenyewe, bado usifichue sura yake kwa sababu ya ujasiri wake wa dakika moja. Majirani wataishi na habari hiyo kwa miaka. Kuna namna nyingi: mikono, kivuli, mgongo dirishani, nyumba, kitanda cha bibi anayelea wajukuu.

Je, kulipa watu? Usimlipe mtu ili afanye mbele ya kamera kile asichokifanya siku zote. Lakini ukimpotezea mkulima muda wa saa nne za kulima, kumnunulia sukari na sabuni si rushwa. Ninachokipa uzito zaidi ni kurudisha picha. Chapisha picha ndogo studio ya mjini, ziweke kwenye bahasha, wapelekee. Lawama iliyozoeleka vijijini ni kwamba wapiga picha "wanachukua wanaondoka". Bahasha moja inakufungulia kaya tano.

Hatua ya 6: Mwanga wa huku

Mafunzo mengi ya intaneti yanaandikwa kwa jua la Ulaya na ngozi nyeupe. Kamera hupima mwanga kwa kukisia kwamba kila kitu ni kijivu cha wastani, na kisio hilo hukosea kila mara huku kwetu.

Mkulima mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya mpunga uliofurika maji saa sita, kamera itaona mng'ao wa maji na kumfanya yeye awe giza. Pima usoni, si kwenye mandhari. Ongeza mwanga kwa hatua moja, hata moja na nusu, na ukubali anga liwe jeupe. Bora zaidi, zunguka hadi mgongo wake uangalie mti au kingo ya udongo. Jikoni penye masizi ni kinyume: kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na uso uliokaa mlangoni unaungua. Hapo punguza. Kwenye ukungu wa Kitulo au chai ya Mufindi asubuhi, ukungu huidanganya kamera iamini kuna mwanga mwingi, kwa hiyo picha hutoka ya kijivu kizito. Ongeza robo tatu ya hatua hadi moja.

Mikono ya wachuma chai huenda kasi: kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde ndiyo chini kabisa, au shuka hadi 1/15 ukitaka mikono ifutike na kikapu kibaki kimetulia. Ndani ya nyumba acha flashi. Fungua tundu la lenzi, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200, tumia mwanga wa mlangoni. Chembechembe zinasameheka. Uso uliopigwa flashi ukutani unaonekana kama wa kitambulisho.

Piga kwa faili ghafi (RAW), si JPEG peke yake. Sababu si ubora tu: mashindano makubwa na wahariri huomba faili hiyo kuthibitisha hukuongeza wala kuondoa kitu.

Hatua ya 7: Simama palepale tena

Hii ni mbinu isiyohitaji kipaji, bali nidhamu, na kwa picha za mazingira haina mpinzani. Chagua mahali pa kudumu: jiwe, nguzo ya daraja, kona ya shule. Andika mwelekeo wa dira, kimo cha kamera, lenzi, saa na tarehe. Rudi mwezi uleule kila mwaka, upige fremu ileile, ukiwa na picha ya zamani mkononi ya kulinganishia.

Picha moja ya kinyungu haithibitishi lolote. Za miaka minne zinaonyesha kijito kilichohama, mikaratusi iliyopanda, nyumba iliyoezuliwa. Ukitaka kwenda nyuma zaidi, zipo picha za enzi ya Wajerumani: Walther Dobbertin alipiga sana nchi hii kabla ya Vita ya Kwanza, na nyingi zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa za Ujerumani. Tembelea pia Makumbusho ya Iringa Boma, uulize wazee wanaijua milima iliyo pichani kwa jina gani.

Usiweke mtandaoni majiranukta (vipimo vya ramani) ya mahali penye okidi au kipunji. Futa alama za GPS kwenye faili kabla ya kuituma. Fanya vivyo hivyo kwa boma la mfugaji ambaye kesi yake ya ardhi haijaisha.

Hatua ya 8: Tunza, chagua, andika

Jioni hiyo hiyo, nakili kadi sehemu mbili, na moja isikae nyumba moja na nyingine. Jina la folda lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha kijiji. Baada ya miaka mitano, hifadhi hii ndiyo mali yako. Kamera itakuwa imeshauzwa.

Kuchagua ni kugumu kuliko kupiga. Chapisha picha ndogo za bei rahisi, zitandaze mezani, na mwite mtu asiyekuwepo siku ile. Wewe unapenda picha fulani kwa sababu ulitembea kilomita nyingi kuipata. Yeye haoni kilomita, anaona picha tu. Bakiza kati ya 12 na 15. Ziwepo za mahali, za uso, za mikono na vitu, za watu wakihusiana, na angalau moja inayoleta swali badala ya jibu. Machweo ya jua yaondoe yote. Ukibakiza moja, ujue mhariri ataiondoa yeye.

Maelezo ya picha yanafanya nusu ya kazi. Nani, anafanya nini, kijiji, wilaya, mkoa, mwezi na mwaka, kisha sentensi moja ya muktadha. Angalia mipaka: Mbozi na Tunduma ziko Mkoa wa Songwe tangu 2016, na bado kuna wanaoandika Mbeya. Badala ya "mwanamke maskini akilima karibu na mto", andika: "Mkulima akipalilia mahindi kwenye kinyungu chake, Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, Septemba 2024. Mahindi ya kiangazi huuzwa mabichi kabla ya mavuno makuu. Sheria inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji." Umaskini ni hukumu yako; kupalilia ni jambo lililoonekana.

Hatua ya 9: Pesa

Hakuna anayeishi kwa picha za makala peke yake mwanzoni, na wengi wa wakubwa pia hawaishi hivyo. Harusi, sendofu na kipaimara vitalipa kodi. Sioni aibu yoyote hapo. Harusi inafundisha kufanya kazi haraka kwenye mwanga mbaya katikati ya watu wanaolia na kucheka, na mafunzo hayo hayo ndiyo utakayoyahitaji msibani au kwenye mkutano wa ardhi.

Kazi za mashirika ya maendeleo hulipa vizuri zaidi, lakini zina mtego: shirika linataka mnufaika anayetabasamu kando ya bomba. Piga tabasamu hilo, ulipwe, ila usilichanganye na makala yako. Kama shirika lile lile ni sehemu ya jambo unalolichunguza, kwa mfano lina mradi wa maji kwenye bonde lako, ikatae kazi.

Piga hesabu ya siku yako kabla hujataja bei. Tuseme vifaa vyako vyote vina thamani ya shilingi 2,400,000 na vitadumu miaka minne: ni 600,000 kwa mwaka. Ukipata siku 60 za kulipwa kwa mwaka, kila siku ibebe 10,000 ya uchakavu peke yake. Ongeza nauli, chakula, bando, umeme, na siku ya kuhariri kwa kila siku ya kupiga. Ndipo uweke ujira. Wengi husahau siku ya kuhariri, wakajikuta wanafanya kazi kwa nusu bei.

Sajili jina la biashara BRELA, pata TIN (namba ya mlipakodi), maana shirika halitakulipa bila hivyo. Kwenye mkataba soma kipengele cha haki. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda, lakini ukisaini kwamba umeuza haki zote milele, umeuza. Pendekeza leseni: matumizi haya, muda huu, nchi hizi, na jina lako liandikwe. Wakikataa kabisa, bei ipande sana.

Hatua ya 10: Pa kuzipeleka

Anza hapo hapo kijijini. Kamba mbili, vibanio vya nguo na picha zilizochapishwa kwenye ofisi ya kijiji siku ya mkutano ni maonyesho kamili, na ni hapo utakaposahihishwa maelezo uliyoyakosea. Kisha kumbi za Iringa na Mbeya, halafu kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Dar es Salaam. Magazeti ya Kiswahili hulipa kidogo, lakini makala iliyochapishwa huonekana na ofisi ambazo baadaye zitakujibu barua.

Nje ya nchi, tamasha la picha la Addis Foto Fest limekuwepo tangu 2010 na maonyesho ya picha ya Bamako tangu 1994. Market Photo Workshop, shule ya picha ya Johannesburg iliyoanzishwa na mpiga picha David Goldblatt 1989, imefundisha wengi waliotoka kusikojulikana. Shindano la World Press Photo halina ada ya kuingia, na siku hizi hushindanisha kwa kanda, hivyo picha ya Mbarali inapimwa kwanza pamoja na nyingine za Afrika.

Ukimwandikia mhariri, barua iwe fupi. Aya moja ya jambo lenyewe, aya moja ya kwa nini wewe: unaishi wapi, umekuwa ukirudi tangu lini, unaongea lugha gani na watu hao. Ambatanisha picha 12 ndogo zenye maelezo, zisizozidi megabaiti chache kwa jumla. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha mpelekee mwingine. Akijibu kwamba jambo hili walishalifanya, mtumie fremu mbili za mahali pamoja zilizopishana mwaka, ukimweleza kwamba ya tatu utaipiga Septemba ijayo.